Jinsi ya kuingiza sayansi ya ubongo kwenye chuo cha Biblia bila kuitwa ofisini

Mara ya kwanza nilipojaribu kufundisha sayansi kwenye chuo cha Biblia niliharibu mwenyewe, acha nianzie hapo ili wewe usirudie. Lilikuwa darasa la jioni hapa Dar, wachungaji wasaidizi na wainjilisti, wengine wanauza duka Kariakoo mchana wakifika darasani foleni imeshawamaliza, mimi nikawasha projekta nikaanza na mlipuko mkubwa, miaka bilioni 13.8, nyota, Darwin, mifupa ya kale. Kama dakika 20 hivi mzee mmoja akanyoosha mkono, "Mwalimu, kwa hiyo Mungu siku ya saba alipumzika au hakupumzika?" Basi, tukakaa hapo hapo mpaka saa mbili usiku. Wiki iliyofuata nikaitwa ofisini, kuna mjumbe wa bodi kaambiwa nafundisha kwamba babu yetu ni nyani.

Kosa halikuwa la yule mzee, mzee aliuliza vizuri tu. Kosa ni kwamba nilileta swali ambalo hakuna muumini wake hata mmoja aliyewahi kumgongea mlango usiku kumuuliza. Wanaomgongea mlango wanakuja na mtoto ana degedege, na binti anayeanguka kwenye kwaya, na baba aliyeamka asubuhi mdomo umepinda upande, na mama anayesema kuna kitu kinamkaba kila akilala. Hayo yote ni mambo ya ubongo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza na mkubwa kuliko yote, Mwanzo sura ya 1 iache kwanza, utairudia semista ya pili wakishakuamini. Anza na anayegonga mlango.

Halafu usiombe somo jipya. Ukisema unataka somo linaitwa Sayansi na Imani utaambiwa mtaala umeshapitishwa, saa hazitoshi, mwalimu wa kulifundisha nani, na kama chuo kiko chini ya TCU au NACTVET, wale wasimamizi wa vyuo nchini, ndo kabisa, makaratasi yake utazeeka nayo. Wewe ingia kwenye masomo ambayo yapo tayari. Agano Jipya lina Marko 9. Huduma ya kichungaji lina wagonjwa na waliofiwa. Maadili lina pombe na uraibu. Mafundisho ya imani kuna sehemu ya mwanadamu ni nini, mwili nafsi na roho, hapo ndo kwenye nyama. Vipindi viwili kwenye kila somo vinatosha, na hakuna atakayekuuliza kibali maana unafundisha somo lako.

Mi huwa naanza na kifafa, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu hiki kipindi kikikaa sawa vingine vyote vinafuata.

Wape darasa Marko 9 kuanzia mstari wa 14 na Mathayo 17 mstari wa 15, wasome kwa makundi, waandike dalili tu, wasiandike maelezo yoyote, dalili. Anaanguka, anatoka povu, anasaga meno, anaangukia motoni na majini, imeanza tangu utotoni. Muuguzi yeyote ukimsomea hiyo orodha bila kumwambia imetoka wapi atakwambia ni kifafa, na Biblia yetu ya Union kwenye Mathayo imeandika kifafa kabisa. Wenye Kigiriki waambie neno lenyewe pale ni kupigwa na mwezi, maana watu wa zamani walidhani mwezi ndo unaleta. Sasa Marko anasema pepo. Darasa litagawanyika hapo hapo, wacha ligawanyike kidogo, afu wapeleke Mathayo 4:24. Pale Mathayo anataja watu walioletwa kwa Yesu, wenye pepo, wenye kifafa, na wenye kupooza. Amewataja mbalimbali! Mwinjilisti mwenyewe anajua kwamba mwenye kifafa siyo lazima awe mwenye pepo. Nimefundisha hii mara nyingi na kila mara kuna kaukimya fulani kanapita darasani, maana karibu kila mmoja anamkumbuka mtu.

Baada ya hapo ndo unaleta Mahenge. Hii ni hadithi yetu, siyo ya Ulaya, ya huko Ulanga mkoani Morogoro. Karibu mwaka 1960 daktari mmoja kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge akakuta watu wengi kupita kawaida wana kifafa, wana makovu ya moto kwa sababu walianguka jikoni, wanakula peke yao, wanalala peke yao, watu wanaogopa mate yao. Akafungua kliniki, akawapa dawa ya bei rahisi tu, fenobabitoni, na wengi wao degedege zikapungua au zikakata. Yeye pia ndiye aliyeandika kuhusu watoto wa kule wanaotikisa kichwa kama wanasinzia, ugonjwa ambao baadaye dunia nzima ikaja kuufahamu kwa Sudani Kusini na Uganda, na wataalamu wanauhusisha na usubi, ule ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo wa kwenye mito iendayo kasi. Waulize wanafunzi, kama mwaka 1960 mchungaji wa Mahenge angejua hayo, Jumapili ile angehubiri nini? Usijibu wewe. Waache.

Kipindi hicho usikimalize bila mambo ya mikono, manake theolojia bila hiyo ni maneno matupu. Mtu akianguka kanisani usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, sogeza viti, weka kitu laini chini ya kichwa, mtikisiko ukipungua mlaze ubavu, angalia saa. Ikipita dakika 5 hospitali, siyo madhabahuni. Mate yake hayaambukizi. Na hili liseme mara tatu, lirudie hata kwenye mtihani, mchungaji asimwambie mtu aache dawa. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla mtu anaweza kupata mtikisiko usiokatika na akafa nao. Omba, paka mafuta, funga naye kama mnafunga, ila dawa anameza na atakayemwambia aache ni daktari tu. Sijawahi kuona mwanafunzi anapinga hilo ukimwelekeza hivi, hata wale wa huduma za kufunguliwa ambao nilikuwa nawaogopa.

Hapo hapo gusia mkesha. Ubongo usiolala ndo kichochezi kimoja kikubwa cha kifafa, na sisi Dar hapa kila Ijumaa kuna mkesha kila kona kuanzia Mbagala mpaka Tegeta. Simaanishi mikesha ifutwe, bana, nami nakesha. Namaanisha anayetangaza mkesha aweze kusema kwamba wenye kifafa na wenye dawa zinazowataka walale mapema waende nyumbani saa nne, na wasionekane wamepungukiwa imani.

Jinamizi ni kipindi cha pili na ni kitamu, watu wanacheka. Uliza nani amewahi kukabwa na jinamizi, mikono inanyooka darasa zima. Afu eleza. Usingizini kuna wakati wa ndoto ambapo macho yanachezacheza chini ya kope, na ubongo unazima karibu misuli yote ya mwili ili usiigize ndoto ukampiga mwenzio teke. Ikitokea umeamka kabla misuli haijawashwa, unaona chumba, unasikia feni, lakini mkono hauendi, kifua kizito, na kipande cha ndoto bado kinaendelea humo humo chumbani ndo maana unaona mtu kasimama mlangoni. Inakuja zaidi ukiwa umekosa usingizi au umelala chali. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Sasa Mwalimu, mbona nikitaja jina la Yesu linaondoka?" Nikamwambia na mimi nalitaja, na pia linaondoka kwa sababu halidumu, dakika moja mbili misuli inawashwa, yote mawili ni kweli, hukukosea kuomba. Kitu cha kuogopa ni pale binti anapoambiwa kwamba jinamizi lake ni bibi yake wa kijijini anamroga. Kwenye nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni, huo utani hatuna.

Mgeni wa darasa. Watu wengi wakisikia sayansi wanakimbilia kutafuta profesa. Usianze na profesa. Tafuta muuguzi wa kliniki ya akili au daktari kijana wa hospitali ya wilaya, mtu anayeona wagonjwa 40 kwa siku na anaongea Kiswahili cha watu. Ukiwa na mtu Muhimbili pale Upanga vizuri, usipokuwa naye nenda kwa mganga mkuu wa hospitali iliyo karibu na chuo na barua yenye mhuri, shikamoo zako ziwe tayari, mwambie unataka saa moja na nusu na nauli utatoa. Mpe maelekezo mapema, asije na slaidi 60, aje na wagonjwa watatu anaowakumbuka bila majina yao, na kila mmoja asimame kwenye swali la mchungaji alifanya nini kabla mgonjwa hajafika hospitali. Mwambie pia wanafunzi watamuuliza kama anaamini maombi, asishtuke. Na wewe usikae pembeni kama mwenyeji wa mkutano, keti mezani pamoja naye, mkipishana mpishane mbele yao. Wao wanajifunza zaidi pale daktari anaposema hili silijui na mchungaji anaposema hata mimi, kuliko kwenye hotuba mbili zilizopangwa.

Siku ya ubongo wenyewe sasa. Nenda machinjioni Vingunguti alfajiri, uliza ubongo wa ng'ombe mzima usiopasuliwa na shoka, hapo patana, maana kichwa wanakipasua kwa haraka na mara nyingi unapata vipande. Ni laini sana kama mtindi uliogandia, utakuvurugikia mkononi, kwa hiyo uweke kwenye spiriti siku kadhaa ukaze, au ukiwa na mtu wa maabara akuandalie vizuri. Glavu, beseni, kisu chembamba, magazeti mezani. Mama wa jikoni chuoni kwetu aliuona kabla sijauweka spiriti akaniuliza kama nina akili timamu, ubongo mzuri vile wa kukaanga na kitunguu naupeleka darasani kuuharibu. Wa mtu unafika kama kilo 1.4, una seli za neva karibu bilioni 86, na ingawa ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili unakula kama asilimia 20 ya nguvu yote. Wape waushike. Mtu ambaye ameshika ubongo haongei tena kirahisi kuhusu "akili" na "roho" kama vile ni mapovu yanayoelea.

Wakiwa bado na glavu wasomee Zaburi 7:9, Mungu anajaribu mioyo na viuno. Kwenye Kiebrania hizo ni figo. Waandishi wa Agano la Kale waliweka mawazo moyoni na hisia kwenye figo na matumbo, ubongo hawakuupa kazi. Mwenye haraka atasema basi Biblia imekosea. Muulize, na wewe ukiimba "moyo wangu unakupenda" umekosea? Sisi Waswahili tunasema ana roho mbaya, ana moyo mgumu, kichwa kimejaa, na hakuna anayekwenda kupima. Kutoka hapo mnaweza kuzungumza vizuri kabisa juu ya nafsi kwenye Mwanzo 2:7, kwamba mtu akawa nafsi hai, hajapewa nafsi kama mzigo wa begani. Hii ni theolojia ya kawaida, ya zamani, ila wakiwa wameshika beseni la ubongo wanaisikia upya.

Kwenye somo la mwanadamu tumia hadithi mbili. Ya Phineas Gage wengi wameisikia nusu. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli wa miaka 25 alikuwa anashindilia baruti, ikalipuka, chuma chenye urefu wa zaidi ya mita kikamwingia chini ya shavu kikatokea juu ya kichwa. Akapona, anaongea, anatembea, ila rafiki zake wakasema huyu siyo Gage tena, alikuwa mtulivu akawa mtu wa matusi na hasira. Walimu huwa wanaishia hapo na wanafunzi wanaondoka wakidhani tabia ni nyama tu. Malizia hadithi. Baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka, kazi inayotaka ratiba, subira na wateja, akafa 1860. Kwa hiyo ubongo ulioumia ulibadilisha tabia, na maisha yenye mpangilio yakarudisha kitu fulani. Yote hayo mwanatheolojia anayahitaji.

Ya pili ni Henry Molaison, ambaye mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji kutibu kifafa, wakamtoa sehemu ya ndani inayoitwa hipokampasi pande zote mbili, na kuanzia siku hiyo mpaka anafariki 2008 hakuweza kutunza kumbukumbu mpya. Unamsalimia, unatoka nje, unarudi, hakujui. Swali kwa darasa, mtu kama huyo anatubuje? Anaweza kukua kiimani? Bibi yako aliyesahau hata Baba Yetu, wokovu wake uko kwenye kumbukumbu zake au kwenye kumbukumbu ya Mungu? Nimeona watu wazima wanalia kwenye kipindi hicho, na siyo kwa ajili ya Molaison.

Nina sababu ya kung'ang'ania hili. Kanisa moja nililowahi kusali, mzee wa kanisa aligongwa na bodaboda, akatoka hospitali baada ya wiki tatu akiwa mzima, afu akaanza kutukana kwenye vikao na kuahidi vitu hatekelezi. Baraza likamtenga miezi sita. Hakuna aliyeuliza kichwa kiligonga wapi, mimi nilikuwepo na mimi sikuuliza.

Sasa upande wa pili, maana kuna wanafunzi watakaoipenda sayansi kupita kiasi. Kila wiki WhatsApp inaleta ujumbe kwamba wanasayansi wamethibitisha maombi, wamempata Mungu kwenye ubongo. Kipindi kimoja kizima kitumie kuwafundisha kuuliza, walikuwa watu wangapi, wamelinganishwa na nani, mashine inapima nini hasa. Mfano mzuri kwa makanisa yetu ni utafiti wa Andrew Newberg na wenzake wa 2006 kuhusu kunena kwa lugha. Waliangalia damu inavyokwenda kwenye ubongo, wakakuta wakati wa kunena sehemu za mbele, zile za kujiongoza, zinatulia ukilinganisha na wakati wa kuimba. Mpentekoste atashangilia, si tulisema siyo sisi tunaoongoza! Tulia kaka, walikuwa wanawake 5 tu. Na hata wangekuwa 5,000, mashine inaona ubongo unafanya nini, haioni nani yuko upande wa pili. Ukimpiga mtu picha ya MRI anakula pilau utaona sehemu zinawaka, hiyo haithibitishi pilau ipo sahanini wala haithibitishi haipo.

Na mwaka huo huo 2006 ukatoka utafiti mwingine Marekani, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo, wengine waliombewa wengine hawakuombewa, na maombi hayakuonyesha tofauti, tena walioambiwa kwa uhakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo, asilimia 59, kwa 52 ya walioombewa bila kuwa na uhakika. Uweke mezani huo. Ukishangilia ule wa kunena huwezi kuuficha huu. Darasa langu la mwisho walibishana saa nzima kama Mungu anaweza kuwekwa kwenye jaribio, mmoja akaleta Kumbukumbu la Torati 6:16, msimjaribu Bwana Mungu wenu, nikafunga kitabu nikawaacha waendelee.

Kuhusu wakubwa, askofu na bodi, mi nimejifunza kutowapelekea hoja. Wapelekee Marko 9 na karatasi yenye yale mambo ya mikono, huduma ya kwanza ya mtu akianguka, waombe waigawe kwa wachungaji wa jimbo. Askofu akikuuliza kama hii siyo ya kizungu mwambie Agustino, mwafrika wa Hippo, alishakemea zaidi ya miaka 1,600 iliyopita wakristo wanaoongea upuuzi kuhusu mbingu na dunia mbele ya watu wanaojua, wakaliaibisha Neno. Ukitaka mwingine, Niels Stensen, mwanasayansi wa Denmark, alisimama Paris mwaka 1665 akahutubia juu ya ubongo, akawaambia wataalamu kwamba hawaujui kama wanavyojidai, na mwaka 1677 akawa askofu. Inatosha, usimchoshe.

Ukifika mtihani usiulize sehemu za ubongo, wataenda kukariri na wiki mbili zimesahaulika. Mi natoa swali moja, ukurasa mmoja na nusu, vitabu wazi. Saa tano usiku baba anakupigia simu kutoka Gongo la Mboto, mkewe wa miaka 52 ameanza kuongea maneno yasiyoeleweka, mkono wa kulia umelegea, mdomo umepinda, majirani wanasema karogwa na mama mkwe amesimama hapo hapo anasikia. Andika utakachomwambia kwenye simu, neno kwa neno, na utakachofanya baada ya kukata.

Anayeanza na maombi marefu nampa nusu. Anayemwambia atafute bajaji au gari sasa hivi waende hospitali maana kiharusi hakisubiri asubuhi, halafu akasema naye anakuja wakutane huko, huyo anapata zake. Na kuna mmoja mwaka jana aliandika pia sentensi moja ya kumwambia mama mkwe, kwamba mama shikamoo, panda nao gari. Huyo nilimpa zote.